Kuyawahi Maji Kabla ya Lava: Mwongozo kwa Wakazi wa Goma na Vijiji vya Mpakani mwa Virunga

Mvua ikipiga Munigi nusu saa, angalia maji yanakokwenda. Hayaendi mtoni, maana mto haupo. Toka Kibati hadi Mugunga, toka Rusayo hadi mpaka wa Gisenyi, utakanyaga mwamba mweusi bila kuruka kijito kimoja kinachotiririka mwaka mzima. Maji yanazama papo hapo kwenye nyufa za lava, yanashuka, na kutokea tena chini kabisa, kwenye chemchemi za ufukoni au ndani ya Ziwa Kivu lenyewe. Ndiyo maana mama wa Kibumba anaweza kuvuna viazi na kabichi kwa mvua ya Mungu, na jioni hiyohiyo akanunua maji kwa bidoni.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi kati ya ziwa na mpaka wa Hifadhi ya Virunga, iwe Majengo au Ndosho, Mudja au Buhene. Neno langu kubwa nalisema mapema: juu ya lava, maji hukamatwa kabla hayajagusa ardhi. Yakishaigusa, kazi inayobaki ni kuyalinda yasichafuke, kwa sababu kuna mtu atakayeyanywa huko chini.

Mvua inavyobadilika

Kalenda ya wakulima wa Nyiragongo unaijua: mvua za Septemba hadi Desemba, ukavu mfupi Januari na Februari, mvua tena hadi Mei, kisha kiangazi cha Juni hadi Agosti. Goma hupata takribani milimita 1,200 kwa mwaka, kiasi ambacho miji mingi ya Afrika Mashariki ingekitamani. Shida ni jinsi maji hayo yanavyoshuka. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1, hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na ule mvuke haurudi chini kwa utulivu. Wanasayansi wa hali ya hewa wanatarajia Afrika Mashariki ipate mvua kali zaidi kadiri dunia inavyopata joto. Kule Kalehe, mwambao huohuo wa Kivu, tarehe 4 Mei 2023 mafuriko yalifagia Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Kwa upande wa kaskazini, barafu ya Ruwenzori, ambayo miteremko yake ya magharibi imo ndani ya Virunga, ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906; kufikia 2003 haikufika hata kilomita 1 ya mraba.

Je, mvua kali ni habari mbaya kwa maji ya chini ya ardhi? Jibu lake si rahisi, na ni vizuri ulijue. Huko Makutapora, karibu na Dodoma, wataalamu wamepima kina cha maji ya visima tangu miaka ya 1950. Waliona kwamba maji ya ardhini hayaongezeki kwa mvua za kawaida. Huongezeka ile misimu michache ya mvua kubwa mno, halafu yanashuka polepole kwa miaka. Kwetu, penye mwamba uliojaa nyufa, mvua kubwa itaendelea kushuka chini vizuri. Lakini itashuka na kila ilichokikuta njiani: kinyesi, mafuta ya gari, majivu ya volkano. Na kipindi cha ukavu kikirefuka, wewe wa juu, usiye na chemchemi wala kisima, ndiye wa kwanza kukaukiwa. Kwa hiyo usidanganyike na maneno kwamba Goma haiwezi kuishiwa maji kwa kuwa ina ziwa. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari. Kibati iko mamia ya mita juu ya hapo, na kila bidoni lazima ipandishwe ama na pampu, ama na chukudu, ama na mgongo wa mtu.

Paa lako ni kisima cha kwanza

Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya bati inakupa lita 1. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa kila kitu. Chukua nyumba ya mita 5 kwa 8: bati lake ni mita za mraba 40, na kwa mvua ya mwaka mzima ya milimita 1,200 linapokea lita 48,000. Toa sehemu moja ya tano inayomwagika, inayokauka au inayotupwa makusudi. Zinabaki lita 38,400. Familia ya watu 7, kila mmoja akitumia lita 15 kwa siku (kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hukitumia kambini), inahitaji lita 38,325 kwa mwaka. Bati la kawaida la Goma linakaribia kuitosheleza nyumba yake.

Kinachokosekana ni mahali pa kuyaweka. Tuseme kiangazi kinakupa siku 90 bila mvua ya maana: kwa lita 15 kila mtu utahitaji tangi la lita 9,450, na hilo ni la mwenye uwezo. Usikate tamaa. Tenga maji ya kunywa na kupikia peke yake, lita 5 kwa kila mtu, na hapo familia ya watu 7 itapita kiangazi chote kwa lita 3,150. Tangi la lita 1,000 litakuvusha wiki 4. Maji ya kufulia na kuoshea yanaweza kuendelea kutoka kwingine. Kama pesa ni chache, anza na mfereji mzuri wa paa kabla ya kununua tangi kubwa: tangi la bei ghali chini ya mfereji uliopinda hukusanya nusu ya mvua, na hapo fedha yako imelala.

Tangi la plastiki ni jepesi kuhamisha, na katika mji ulioikimbia lava mara 3 tangu 1977 hilo si jambo dogo. Tangi la kujengwa kwa saruji na wavu wa waya ni rahisi kwa lita nyingi, na mawe ya kulikalisha unayo uani bure. Liinue juu ya jukwaa la mawe ili bidoni iingie chini ya bomba bila mtu kuchota kwa kikombe. Mikono inayozama ndani ya tangi ndiyo inayopeleka kipindupindu ndani. Funika kila tundu kwa wavu mwembamba dhidi ya mbu. Usichimbe tangi chini ya ardhi upande wa Mugunga, Bulengo au karibu na Ziwa Kijani. Sababu yake nitaieleza mbele.

Mvua ya kwanza itupe. Kanuni ni lita 1 kwa kila mita ya mraba ya bati, yaani lita 40 kwa paa tulilolihesabu, sawa na bidoni 2. Weka pipa la ukubwa huo mbele ya tangi: bomba la paa lijaze pipa kwanza, likishajaa ndipo maji yapite kwenda kwenye tangi. Baada ya mvua unalifungulia pipa likauke. Kwa mahali pengine duniani huo ni usafi wa kawaida, wa kuondoa vumbi na mavi ya ndege. Kwetu kuna zaidi.

Moshi wa mlima na meno ya watoto

Nyiragongo na Nyamulagira hutoa moshi wenye gesi za salfa, klorini na florini. Upepo huusukuma mara nyingi kuelekea magharibi na kusini-magharibi, yaani juu ya Rusayo na upande wa Sake. Mvua ikipita ndani ya moshi huo inashuka ikiwa na uchachu na ikiwa na floridi. Uchachu unakula bati na kulipokonya zinki. Floridi inaingia kwenye maji ya kunywa, na pia kwenye maji ya ardhini, kwa sababu miamba yenyewe ya volkano zetu inayo.

Kiasi kidogo cha floridi hulinda meno. Kikizidi, meno ya watoto yanatokea na mistari myeupe kama chokaa, baadaye madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi ya kunywa, mifupa nayo inaathirika. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwenye miligramu 1.5 kwa lita. Anayeumia zaidi ni mtoto wa chini ya miaka 8, kwa kuwa meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi.

Kama wewe ni mwalimu au mzazi katika kijiji cha magharibi ya mlima, unacho kipimo kisicholipiwa hata faranga moja. Waombe watoto wa miaka 9 hadi 12, waliozaliwa na kukulia hapohapo, watabasamu mwangani. Angalia meno ya mbele ya juu. Ukikuta madoa kwa mtoto mmoja au wawili, huenda ni jambo jingine. Ukiyakuta kwa nusu ya darasa, kijiji kizima kinakunywa maji yenye floridi, na meno hayo yanakusimulia maji ya miaka mingi iliyopita. Andika idadi, andika kila familia inateka wapi, uipeleke kwenye kituo cha afya na kwa wataalamu wa jiokemia wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, uombe maji yapimwe. Sehemu hii ninaitilia mkazo kwa sababu ugonjwa huu hauumi wala hauharishi. Unaingia kimya, na mtoto akishafika darasa la 5 meno hayarudi nyuma.

Sasa lisikie vizuri: kuchemsha hakuondoi floridi. Kunaizidisha, maana maji yanapungua na floridi inabaki. Klorini nayo haiigusi. Kinachosaidia ni mambo matatu. Kwanza, sugua paa na mifereji mwisho wa Agosti, kisha tupa mvua za mwanzo za Septemba kwa ukarimu kuliko kawaida, kwa sababu kiangazi chote bati limekusanya vumbi la mlima. Siku ambayo moshi umelala juu ya kijiji, au majivu yanaanguka, chomoa bomba la tangi kabisa hadi hewa isafike. Pili, changanya: kama maji ya bomba au ya chemchemi fulani yamepimwa na floridi yake ni ndogo, hayo wape watoto wadogo na wajawazito, na yale mengine yafulie. Tatu, uko mchujo wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa hadi kuwa makaa. Tanzania wameufanyia kazi miaka mingi pale Ngurdoto, karibu na Hifadhi ya Arusha, chini ya Mlima Meru, ambako watu wameishi na tatizo hilihili. Ni kazi ya shirika au zahanati zaidi kuliko ya nyumba moja, kwa sababu mifupa lazima ichomwe kwa joto sahihi na kubadilishwa inapochoka.

Ziwa, bomba na klorini

Wengi wa Goma wanakunywa ziwa, ama moja kwa moja ama kupitia mabomba ya Regideso. Pampu zinavuta maji kutoka ufukoni na kuyasukuma hadi kwenye matangi ya juu, halafu yanateremka kwenye mitaa. Mnyororo huo wote unaning'inia kwenye umeme. Mwezi wa Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliharibu tangi kubwa na mabomba, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika na pampu zikanyamaza. Watu wakashuka na bidoni ziwani. Kwa hiyo hata kama bomba lako linatoka vizuri leo, weka nyumbani maji ya siku 3 yasiyoguswa, yabadilishwe kila wiki. Kwa familia ya watu 7 hizo ni bidoni 5 au 6 za kunywa na kupikia.

Ukiteka ziwani, teka mahali penye mtu wa klorini. Umemwona: amesimama na ndoo yake na sindano isiyo na ncha, kila bidoni inayopita anaipulizia dawa mdomoni. Usimkwepe kwa ajili ya harufu. Hiyo kazi yake ndogo, iliyorudiwa maelfu ya mara kwa siku, ndiyo inayouzuia mji huu usirudi 1994. Mwaka ule, mwezi Julai, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma kwa siku chache, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Kambi ya Kibumba iliwekwa juu ya mwamba usio na maji, mahali ambapo huwezi kuchimba kisima wala choo, wala kaburi. Maji yalipelekwa kwa malori.

Kama huna mtu wa klorini karibu, tumia vidonge: kimoja cha miligramu 67 kwa bidoni ya lita 20 ya maji maangavu. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara 4, kisha tia viwili. Karatasi ya vidonge itakuambia usubiri dakika 30. Kwa maji ya Kivu subiri saa nzima. Maji ya ziwa letu yana pH inayokaribia 9, na klorini hufanya kazi kwa uvivu katika maji ya namna hiyo.

Mashimo

Watu huniuliza kwa nini kila kiwanja kisichimbe kisima chake. Juu ya lava, chini ya jembe lako kuna tabaka juu ya tabaka la mwamba, mtiririko wa kila mlipuko umelalia mwenzake, na maji ya kudumu yako chini kabisa, yakielekea usawa wa ziwa. Katika vijiji vya juu hicho ni kina cha mamia ya mita. Hapati mtu kwa sururu, na mashine ya kuchimba hugharimu zaidi ya uwezo wa kijiji. Kisima kirefu kinaweza kuwa na maana karibu na ufuko au kwenye udongo wa zamani upande wa Sake, baada ya uchunguzi. Ukikipata, maji yapimwe floridi kabla ya pampu kununuliwa.

Halafu kuna mazuku. Hewa ya ukaa hupanda kutoka ardhini, nzito kuliko hewa tunayovuta, ikajaa kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Magharibi ya mji, kuanzia Himbi hadi Mugunga na Bulengo, huua mbuzi, mbwa na watu. Haina rangi. Ukichimba shimo la tangi au la choo maeneo hayo, unatengeneza bakuli la kuipokea. Usishuke shimoni asubuhi mapema wala peke yako. Usiamini mshumaa: hewa hii huanza kumlegeza mtu wakati moto bado unawaka. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Mvute kwa kamba ambayo ilipaswa kufungwa kiunoni mwake kabla hajashuka. Na watoto wanaotumwa kuteka maji alfajiri wapitishwe njia ya juu, mbali na mabonde yenye majani yaliyokauka na wadudu waliokufa. Hizo ndizo alama za mazuku hata pale ambapo bango la OVG halipo.

Choo ni shimo jingine linalotuhusu sote. Mafundi wanasema choo kikae mita 30 kutoka kwenye maji. Kanuni hiyo ni ya udongo, unaochuja taratibu. Ufa wa lava hauchuji kitu: kinachoingia juu kinaweza kutokea kwenye chemchemi kikiwa na vijidudu vyote. Kwa hiyo jenga choo cha kuinuliwa, chenye tangi la mawe lililopigwa plasta ndani na chini, kinachofunguliwa na kutolewa uchafu. Kina gharama, ndiyo, na katika avenyu zilizobanana familia 3 au 4 zinaweza kushirikiana kimoja kizuri badala ya kila mmoja kumwaga kwenye ufa wake. Hilohilo lawahusu wenye gereji na kadhafi wanaouza mafuta barabarani: mafuta machafu ya injini yawekwe kwenye bidoni yenye mfuniko, yasimwagwe kwenye mawe. Siku ya salongo, mkimaliza kufagia, ulizeni taka zinatupwa kwenye ufa gani, kisha muuzibe.

Msitu ulio juu yetu

Mpaka wa hifadhi unapita karibu sana na mashamba ya Kibati na Kibumba, na najua hasira iliyopo. Virunga ilianzishwa 1925, na wapo wazee wanaosema ardhi ile ilikuwa ya babu zao. Hasira hiyo haifutwi kwa somo la mazingira. Lakini kuhusu maji ninasimama upande wa msitu bila kusita, na sababu yangu ni hii: mvua na ukungu vinavyonaswa na miti ya Mikeno, Karisimbi na Nyiragongo ndivyo vinavyozama na kuja chini yetu. Ukitaka ushahidi wa mbali, nenda Kenya. Milima ya Chyulu ni ya volkano kama yetu, haina mto juu yake. Mvua inayozama huko inatokea kilomita kama 50 mbele kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na sehemu ya maji hayo husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950. Mtu wa Mombasa anakunywa msitu ambao hajawahi kuuona.

Usimtume mtoto wala binti kuteka maji ndani ya hifadhi. Sheria namba 14/003 ya 2014 inakataza kuingia bila ruhusa, na walinzi wa ICCN wanaweza kumkamata. Lakini hata sheria ingekuwa kimya, humo kuna makundi yenye silaha, na wanawake wamebakwa njiani. Kuna pia nyati. Upande wa Mikeno wapo sokwe wa milimani, ambao tunawaambukiza mafua na minyoo kwa urahisi, na wao hupata maji yao mengi kwenye majani, kwa hiyo hawashindani nasi kwenye chemchemi. Badala ya kuiba maji usiku, kijiji kiyaombe mchana. Uganda, upande wa pili wa milima hiyohiyo, maji ya kinamasi cha Kabiranyuma, ndani ya Hifadhi ya Mgahinga, yamevutwa kwa bomba la mserereko hadi kwa wananchi wa Kisoro. Hifadhi inayomkataza mtu kuingia na isimsaidie kupata maji nje inajijengea maadui, na jambo hilo mwambieni mkuu wa sekta kwa barua, mkitaja idadi ya kaya na umbali wa maji ya karibu.

Kuhusu makala: kila nyumba inayochemsha maji ya kunywa inachoma mkaa, na sehemu kubwa ya mkaa wa Goma imetoka kwenye miti ya hifadhi. Kwa maji ambayo tatizo lake ni vijidudu, kidonge cha klorini kinafanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo kuliko makala. Kama una kiwanja, panda grevilea pembeni ya shamba kwa ajili ya kuni zako. Mikaratusi iweke kilimani, mbali na chemchemi yoyote, maana inakunywa sana.

Mradi ukifika kijijini

Siku moja gari litakuja na watu wenye vizibao, watakusanya wakazi na kutangaza tangi, bomba au kisima. Wapokeeni vizuri, na muwe na maswali tayari. Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na Sheria namba 15/026 ya mwaka 2015 inasema maji ni mali ya umma. Kwa hiyo hamuombi sadaka.

Muulize nani atamiliki funguo na nani atakusanya pesa ya kila bidoni. Pesa hiyo iandikwe kwenye daftari linalosomwa mbele ya watu kila mwezi, na katika kamati wanawake wawe nusu au zaidi, kwa sababu wao ndio wanaojua foleni inaanza saa ngapi. Muulize pampu inatumia umeme gani, na siku umeme ukikatika kuna nini. Muulize kipuri kinapatikana Goma au kinaagizwa Ulaya. Muulize kama tangi litajengwa kwenye njia ambayo lava ilipita 2002 au 2021; wazee wataonyesha kwa kidole, na ramani ya OVG itathibitisha. Muulize ni nani atakayepima maji mwaka wa pili, wakati mradi umeshafungwa na gari limerudi.

Na kabla chifu hajatia sahihi ya kupokea kazi, aombe karatasi ya maabara yenye mistari miwili aliyoisoma kwa macho yake: vijidudu vya kinyesi, ambavyo lazima viwe sifuri katika mililita 100, na floridi, ambayo lazima iwe chini ya miligramu 1.5 kwa lita. Karatasi ikikosa mstari wa floridi, kalamu irudi mfukoni hadi ipatikane.